Muulize Mwalimu: Ramani mbili, mji mmoja?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kaka yangu anasoma hisabati chuo kikuu. Likizo hii ametusimulia habari za profesa mmoja wa Chicago aliyehangaika zaidi ya miaka 30 na swali moja: utajuaje kama michoro miwili ya nukta na mistari kwa kweli ni mchoro mmoja? Baba akauliza, "Na huyo hulipwa?" Mimi langu ni jingine: ugumu uko wapi? Si kompyuta ilinganishe tu?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie baba hulipwa. Ni László Babai, Mhungaria aliyezaliwa Budapest mwaka 1950, profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago.

Haya, tubaki hapo kwenu. Wape watu wawili karatasi wachore vichochoro vya Lamu: kila njia panda iwe nukta, kila kichochoro kiwe mstari. Wasiandike majina, wasijali umbali wala bahari iko upande gani. Mmoja aanzie Ngomeni, mwenzake aanzie Msikiti wa Riyadha, na karatasi zao hazitafanana hata kidogo. Kompyuta haina jicho la kusema "hii hapa Mkunguni". Inabidi ioanishe nukta za huku na za kule. Nukta 10 huoanishwa kwa namna 3,628,800. Zikiwa 20, kompyuta inayojaribu namna bilioni moja kila sekunde itamaliza baada ya miaka 77, na Lamu ina njia panda nyingi kuliko hizo.

Utaniambia: tuhesabu basi, maana njia panda ya vichochoro vitano haiwezi kuwa ile ya vitatu. Kweli, na ujanja huo hupunguza kazi mno. Lakini hebu shika kalamu. Chora nukta sita, tatu kushoto na tatu kulia, kila ya kushoto iunganishe na zote za kulia. Pembeni chora pembetatu mbili, kisha kila pembe ya hii iunganishe na pembe moja ya ile. Michoro yote miwili ina mistari tisa, na kila nukta ina mistari mitatu. Kuhesabu kumekwama. Wewe utaitofautisha kwa kuwa mmoja una pembetatu na mwingine hauna hata moja, ila iko michoro mikubwa ambayo hata hila hiyo haifui dafu mbele yake.

Hapo ndipo aljebra inapoingia na mambo yanaponoga. Mchoro wa kwanza una namna 72 za kubadilishana nukta ukabaki vilevile. Wa pili una 12 tu. Mabadilishano hayo yana kanuni zake, zinazoitwa nadharia ya makundi, na aliyeipa sura ni Évariste Galois, kijana wa Kifaransa aliyeuawa kwa bastola mwaka 1832 akiwa na miaka 20. Mwaka 1982 mwanahisabati Eugene Luks aliitumia kupata njia nyepesi, yaani ambayo kazi yake hailipuki mchoro ukikua, kwa michoro ambayo mistari ya kila nukta haizidi idadi fulani. Kwa hiyo vichochoro vya Lamu vilikwisha kujibiwa tangu hapo! Iliyosumbua ni michoro isiyo na kikomo hicho. Mwaka 1983 Babai na Luks walifika mahali, na hakuna aliyewapita mpaka Novemba 2015, Babai mwenyewe alipotangaza njia ambayo kazi yake, mchoro ukikua, huongezeka kwa kasi inayozidi kidogo tu ya zile tunazoziita nyepesi.

Tarehe 4 Januari 2017 akatangaza hadharani kwamba mwanahisabati Harald Helfgott amekuta kosa ndani yake na kwamba njia hiyo si ya haraka kama alivyodai. Tarehe 9 akarudi: kosa limerekebishwa, dai limesimama tena. Mimi humheshimu zaidi kwa tangazo la kwanza.

Faida? Wakemia hulinganisha molekuli kwa swali hilihili, ila sitakupamba: programu zao ni za haraka tangu zamani, na hakuna anayengojea njia ya Babai. Alichotikisa ni dhana kwamba huenda swali hili ni mojawapo ya yale magumu kupindukia, ambayo tukilipatia moja njia ya haraka tumeyapatia yote. Sasa ni vigumu zaidi kuamini hivyo. Kama litashuka mpaka kwenye kundi la kazi nyepesi kabisa, hilo bado halijathibitishwa na yeyote.