Maswali ya wasomaji: makato ya pensheni na kodi kwa mke na mume

Mimi na mume wangu ni walimu wa serikali. Tunaweza kuunganisha michango yetu ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ili kodi ipungue? (Mwalimu, Nkuhungu)

Hapana, dada. Kila mmoja anakatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, kivyake, na mchango wa mmoja haugusi kodi ya mwenzake. Ila nafuu mnayo tayari, kila mmoja ya kwake, na wengi hawaioni kwa sababu mwajiri huipiga hesabu kabla mshahara haujaingia benki.

Tuchukue mshahara wa shilingi 1,000,000. PSSSF wanakata asilimia 5, yaani 50,000. Kodi inapigwa kwenye 950,000 iliyobaki, inakuwa 115,500. Bila mchango huo ungekatwa kodi ya 128,000. Kwa hiyo 50,000 uliyochangia imekutoka mfukoni 37,500 tu, na juu yake mwajiri anakuwekea asilimia 15 ya mshahara. Kagueni karatasi zenu za mshahara. Mkikuta kodi imepigwa kwenye mshahara wote, mfuateni mhasibu mwezi huohuo.

Mke wangu yuko PSSSF, mimi niko NSSF, mfuko wa sisi wa sekta binafsi. Mbona nakatwa zaidi yake? (Mfanyakazi wa hoteli, Area D)

Mifuko yote miwili inapokea asilimia 20 ya mshahara, tofauti iko kwenye mgawanyo. Sekta binafsi kwa kawaida mnagawana na mwajiri kumi kwa kumi. Kwa kuwa unachangia zaidi, nafuu yako ya kodi nayo ni kubwa zaidi: kwenye mshahara wa 700,000, mchango wa 70,000 unakupunguzia kodi ya 14,000.

Na makato ya Bodi ya Mikopo, ya mkopo wa chuo? (Mhitimu wa UDOM)

Hayo hayapunguzi kodi. Ni deni unalolipa.

Mimi nimeajiriwa, mke wangu anauza zabibu sokoni Majengo. Nikimchangia NSSF, kodi yangu itashuka? (Msomaji, Chang'ombe)

Haitashuka, kaka. Kinachoondolewa kwenye mshahara wako kabla ya kodi ni mchango wako mwenyewe. Naye kama analipa kodi ya makadirio, ile hupigwa kwa mauzo ya mwaka, hivyo mchango hauipunguzi.

Pamoja na hayo, nakusihi umchangie. Naumia kuona familia ambayo mume ana pensheni na mke, aliyefanya kazi miaka ileile, hana hata namba ya uanachama. NSSF wanapokea waliojiajiri kwa hiari. Pensheni ya uzeeni inadai michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15, kwa hiyo anayeanza akiwa na miaka 45 anaikamilisha akifika 60, tena asiporuka mwezi. Uanachama uwe kwa jina lake na simu iwe ya kwake. Na kwa kuwa zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kila msimu mtenge kwanza fedha ya kuchangia miezi ambayo meza yake sokoni haina kitu.