Maswali na Majibu: Mitambo Inayojipima na Kujiendesha Viwandani Mombasa

Maswali ya safari hii yametoka kwa wenye viwanda, wasimamizi na wafanyakazi wa Changamwe, Miritini, Shimanzi na Mikindani. Nimeyafupisha, lakini sikugeuza maana yake.

Nina kiwanda kidogo cha mitungi ya plastiki Changamwe, na mashine zangu zimepita miaka ishirini. Muuzaji anasema siwezi kuingia katika mfumo wa kidijitali bila kununua mpya. Je, ni kweli?

Si kweli, na nakusihi usitie sahihi kabla fundi wako hajafungua kabati ya umeme ya kila mashine uliyo nayo. Huenda ndani mna kidhibiti cha PLC, yaani kompyuta ndogo inayoamrisha mota na vali kwa kufuata programu. Kifaa hicho ni cha zamani: mwaka 1968 kampuni ya General Motors nchini Marekani ilitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya makabati yaliyojaa rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme), na Dick Morley na wenzake wakabuni Modicon 084. Modbus, utaratibu ambao vidhibiti vingi vinautumia hadi leo kupashana habari, ulitolewa mwaka 1979. Kwa hiyo mashine ya umri huo yaweza kuwa na data tayari, ila hakuna aliyewahi kuisoma.

Hata isipokuwa na kidhibiti, sensa ya mkondo, yaani kifaa cha kuhisi umeme unaopita, inayobanwa juu ya waya wa mota bila kuukata, itakuonyesha ni wakati gani mashine inazalisha, inazunguka bure au imesimama. Sensa ya pili karibu na kalibu itahesabu mizunguko. Anza na mashine moja tu, ile inayozichelewesha nyingine zote.

Mimi ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha sabuni, Miritini. Meneja anataka skrini kubwa ukutani yenye takwimu. Tupime nini?

Pimeni kwanza kile kinachopotea, na mkipime kwa sehemu tatu: muda ambao mashine ilikuwa ikifanya kazi, kasi yake ikilinganishwa na kasi iliyopangiwa, na kiasi cha bidhaa zilizotoka bila kasoro. Chukua zamu ya dakika 480. Ikiwa mashine ilisimama dakika 48, umebaki na asilimia 90 ya muda. Ikiwa ilikwenda kwa asilimia 80 ya kasi yake, na asilimia 95 ya vipande ndivyo vilivyokuwa vizuri, zizidishe tatu hizo na utapata asilimia 68.4. Kila namba ikitazamwa peke yake haitishi, na ndiyo sababu hasara ya karibu theluthi moja ya zamu inaweza kukaa miaka mingi bila kuonekana.

Mara nyingi hasara hiyo haiko katika uharibifu mkubwa ambao kila mtu anaukumbuka. Imo katika visimamo vya nusu dakika, pale kipande kinapokwama na mwendeshaji akakitoa kwa mkono na kuendelea, asiandike kitu kwa kuwa hana nafasi ya kuandika. Sensa huvinasa visimamo hivyo vyote, lakini haijui sababu yake, na sababu anayo mwendeshaji. Mpeni vitufe vichache vya kuchagua sababu, vyenye maneno anayoyatumia yeye mwenyewe. Nasema hili kwa uzito wote: siku namba hizo zitakapotumiwa kumkaripia mtu mbele ya wenzake, ndiyo siku mtakayoanza kupata sababu za uongo, na hakuna programu itakayoweza kuzisahihisha.

Tunapaki chai Shimanzi. Umeme ukikatika mitambo huchanganyikiwa, na vidhibiti vyetu huharibika mapema. Kosa liko wapi?

Yako mambo mawili. La kwanza ni umeme: kidhibiti na sensa hutumia nguvu ndogo, kwa kawaida volti 24, kwa hiyo betri ya kiasi inatosha kuvilinda hata kama mota zimezimika. Kidhibiti kikibaki hai kitakumbuka pakiti ilikuwa hatua gani. Hakikisheni pia kwamba mashine haianzi yenyewe umeme unaporudi. Lazima mtu aiangalie kwanza, kisha abonyeze, kwa sababu huenda mwenzake ameingiza mkono ndani.

La pili ni bahari. Hewa ya Kilindini ina chumvi na unyevu, na nimeona mara nyingi mlango wa kabati ukiachwa wazi na feni kuwekwa mbele yake ili vifaa vipoe. Feni hiyo inavuta chumvi na vumbi la chai hadi kwenye bodi za elektroniki, kisha usiku unyevu unaganda juu yake na kutu inaanza. Kabati ifungwe kabisa, ipozwe kwa kifaa kisichoingiza hewa ya nje, iwe na hita ndogo ya kuzuia umande mitambo inapozimwa, na wakati wa kuagiza muombe bodi zilizopakwa dawa ya kinga. Gharama huongezeka, lakini hapa Pwani hili halifai kuhesabiwa kama anasa.

Ninafanya kazi ya kupakia bidhaa Mikindani. Mashine mpya inakuja. Nitafukuzwa?

Dada yangu, siwezi kukuahidi kwamba nafasi yako itabaki, lakini sheria haimruhusu mwajiri kukuondoa kimyakimya. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka atoe notisi ya angalau mwezi mmoja, afisa wa kazi aarifiwe, na akulipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi. Waajiri pia hutoa ada ya mafunzo ya shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na wanaweza kudai marejesho kwa mafunzo yaliyoidhinishwa na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, ambayo ina kituo hapa Mombasa. Omba mafunzo sasa, kabla mashine haijafika, na uombe kuwapo mafundi wanapoifunga.

Muuzaji wa mitambo anataka iunganishwe na intaneti muda wote ili aitengeneze akiwa mbali. Turuhusu?

Ruhusuni kwa masharti. Muunganisho ufunguliwe na mtu wenu pale tu kunapokuwa na hitilafu, kisha ufungwe. Mtandao wa mitambo utengwe na kompyuta za ofisini, na nywila zilizokuja na vifaa zibadilishwe siku ya kwanza. Msidhani kukosa intaneti kunatosha: Stuxnet, programu hasidi iliyoweza kuenea kwa flashi na iliyogunduliwa mwaka 2010, ilifikia vidhibiti vya kiwanda cha nyuklia cha Natanz, Iran, ambacho hakikuunganishwa na intaneti, na ikavuruga kasi ya mashine huku skrini zikionyesha hali ya kawaida. Kwa hiyo flashi za mafundi wageni nazo zikaguliwe.

Jambo linalosahaulika zaidi ni umiliki wa programu yenyewe. Mkataba useme wazi kwamba nakala ya programu, michoro ya nyaya na nywila zote ni zenu, na kabla ya malipo ya mwisho mwambieni muuzaji aipakie nakala hiyo katika kidhibiti cha akiba, mbele ya fundi wenu, na mashine iwake kwa hicho.