Mashine pepe imekosa mtandao baada ya kuhamia Wi-Fi
Ndugu yangu wa Chake, umeuliza mbona mashine pepe yenye seva yenu (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi kwa programu ya VirtualBox) imekosa mtandao na kuonyesha anwani inayoanzia 169.254. Hiyo anwani maana yake mashine pepe imeomba anwani kwa DHCP, huduma ya mtandao inayogawa anwani, haikujibiwa. Usihangaike kuisakinisha upya Windows. Umesema kompyuta ya skuli mmeitoa kwenye waya mkaitia Wi-Fi. Basi fungua mipangilio ya mtandao ya VirtualBox, utazame daraja (njia inayoiunganisha mashine pepe moja kwa moja na mtandao wa skuli) limefungwa kadi gani ya mtandao. Nahisi bado liko kwenye ile ya waya, ambayo sasa haina kitu. Lihamishie kadi ya Wi-Fi. Likigoma, na hugoma sana, maana kadi nyingi za Wi-Fi hazikubali kubeba anwani ya MAC (kitambulisho cha kadi ya mtandao) ya pili, yaani ya mashine pepe, weka NAT, yaani mashine pepe itoke mtandaoni kwa anwani ya kompyuta yenyewe. Intaneti utapata, ila walimu wenzako hawataifikia hiyo seva mpaka uelekeze poti (mlango wa huduma) ya kompyuta kwenye mashine pepe. Mie ningerejesha waya tu.