Mtoto anashiba ugali kila siku, mbona harefuki?

SWALI: Niko Njombe, tunalima mahindi na viazi mviringo, njaa hatuijui. Binti yangu ana miezi 18, kilo 9, bado ananyonya. Kliniki wameniambia ni mfupi kwa umri wake. Asubuhi anakunywa uji, mchana na usiku ugali au viazi na mchuzi mpaka anashiba. Bibi yake anasema ni ufupi wa ukoo. Nimekosea wapi?

JIBU: Mama, hujamnyima mtoto chakula, wala hauko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu, yaani ufupi kwa umri unaotokana na lishe duni, kwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania. Iringa ilikuwa karibu 57, Njombe na Rukwa karibu 50, na hiyo ndiyo mikoa inayolisha wengine mahindi. Ukoo hauwezi kueleza nusu ya watoto wa mkoa mzima.

Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. La binti yako ni mililita 270, kikombe kimoja cha chai. Ugali ukikijaza, kingine hakipati nafasi. Mahindi yanatia nguvu, lakini protini yake ina upungufu wa laisini, kiungo cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Hata madini ya chuma na zinki kidogo yaliyomo hushikwa na faiteti, kemikali ya asili iliyo kwenye nafaka, utumbo ukashindwa kuyafyonza. Hapo mtoto anaishi, anacheza, ila mifupa haipati cha kujengea. Na mchuzi, mama, mara nyingi ni maji na chumvi. Maharage yenyewe yamebaki chunguni.

Kwa hiyo usimwongezee ugali. Loweka maharage usiku, yaive sana, umpondee yenyewe. Mpe yai kila siku kama kuku wanataga. Dagaa wakavu wachambue, wakaange bila mafuta, watwange, kijiko kimoja kiingie kwenye uji mzito. Parachichi najua ndilo hela ya shamba, lakini mbakizie robo kila siku, mafuta yake yana nguvu nyingi mahali padogo. Mboga za majani pia, na aendelee kunyonya mpaka afike miaka miwili angalau. Chai ya rangi asipewe, inazuia chuma.

Karanga ni nzuri ila chagua moja moja: yenye ukungu au iliyosinyaa itupe, maana sumukuvu, sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kupikwa.

Anahitaji milo mitatu hadi minne na kitafunwa katikati. Siku za shamba, anayebaki naye atampa kile alichokikuta, basi mwachie yai la kuchemsha na maharage yaliyopondwa, siyo chupa ya uji peke yake.

Kliniki ijayo omba apimwe urefu akiwa amelala, siyo uzito tu, kisha rudia baada ya miezi mitatu. Akiharisha mara kwa mara usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke.