Picha za zamani zimegandana? Usizivute kavu

Kama una bunda la picha za mkanda, zile za kamera za filamu za zamani, zimegandana, nakuomba usianze kuzivuta wala kuchomeka kisu katikati, maana ukizibandua kavu sura ya mtu inabaki mgongoni mwa picha nyingine na hapo hakuna fundi wa kuirudisha. Nimeshughulika na za bibi yangu zilizokaa miaka na miaka kwenye sanduku la bati hapa Tanga, na unyevu wa huku pwani si unaujua, na nyingi zimetoka salama kwa maji tu.

Picha za kusafishwa studio zina utando wa jelatini juu ya karatasi, ndo uliobeba picha yenyewe, ukipata unyevu unalainika halafu ukikauka unashika kama gundi. Ila picha hizo zilitengenezwa kwa kupitishwa kwenye dawa na kusuuzwa, kwa hiyo maji safi ya baridi zinayavumilia.

Kwanza piga kwa simu kila unachokiona, mbele na nyuma, hasa maandishi ya peni maana wino unaweza kuondoka. Tafuta pia mikanda yake (negativu), ikiwepo picha zinaweza kusafishwa upya. Za printa ya wino na za Polaroid, zile zinazotoka papo hapo kwenye kamera, usiloweke kabisa, na zilizoota ukungu pia ziache, utando ulioliwa na ukungu unayeyuka kwenye maji.

Chukua beseni safi na maji ya chupa, ya kisima cha chumvi hapana, na ya tangi linalopigwa jua ndo usijaribu, ya moto yanayeyusha utando. Zilaze humo dakika 20 hadi 30 halafu tingisha beseni taratibu. Picha ya harusi ya shangazi kona ilianza kujiinua yenyewe, nikapitisha kidole humo humo ndani ya maji, maji yakawa yanaingia na yenyewe inaachia kidogo kidogo mpaka vidole vyenye hina vikatokea vyote. Inapogoma usilazimishe, irudishe iloe tena, ila usiiache kutwa nzima utando utaanza kuachana na karatasi. Na usiifute usoni jamani, ikiwa imelowa hata kucha inaichana.

Kukausha ni kivulini, sura juu, kwenye kitambaa safi cha pamba, pasi hapana, jua hapana. Ikijikunja, subiri ikauke kabisa ndo uibane na kitabu kizito katikati ya karatasi nyeupe. Kisha usizirudishe kwenye zile albamu za gundi na nailoni, bahasha za karatasi zinatosha, moja moja.

Iliyoshika kwenye kioo cha fremu ndo ngumu kuliko zote. Mimi ya babu nimeiskani ikiwa na kioo chake hivyo hivyo, imetoka vizuri tu, na sina mpango wa kuitoa humo.