Usihangaike na Jina, Kitafute Kijiji: Majibu ya Barua Zenu Kuhusu Ukoo wa Kikroatia

Barua za safari hii zimeniingia moyoni. Zote tatu zimetoka kwa watu walioolewa au kuoa kwenye familia zenye asili ya Kroatia, na wote wamekwama karibu palepale, kwenye jina. Nimeipa nafasi kubwa ile ya kwanza maana iliyobaki yote inajengwa juu yake.

Shikamoo Anti. Nipo Pittsburgh, Marekani, nimeolewa huku, mume wangu jina la ukoo ni Yurich. Baba wa babu yake alikuja 1909 akafanya kazi viwanda vya chuma, na familia wanasema alikuwa Mkroatia, ila sensa ya 1910 imeandika Austria, ya 1930 imeandika Yugoslavia, halafu karatasi ya meli inasema Fiume, nikigugo naambiwa hilo jina ni la Kiitaliano. Mashemeji wanasema jina lilikatwa na maofisa wa Ellis Island, kile kituo cha kupokelea wahamiaji New York. Watoto wananiuliza upande wa baba sisi ni wa wapi na sina jibu. Nianzie wapi? – Mama wa Wawili

Marahaba mwanangu. Tuanze na hilo la Ellis Island, naomba uwaambie mashemeji kwa upole kwamba sivyo ilivyokuwa. Maofisa wa pale hawakuwa wanaandika majina upya, walikuwa na orodha ya abiria mkononi, na orodha hiyo iliandikwa na makarani wa kampuni ya meli kulekule bandari aliyopandia, wao kazi yao ilikuwa kuulizia na kuhakiki, tena wakalimani walikuwepo. Majina yalibadilika baadaye, taratibu, kwenye daftari la mshahara kiwandani, kwa mwalimu wa watoto, kwa mwenye nyumba, na mara nyingi mhusika mwenyewe ndo aliamua maana alichoka kurudia kutamka. Halafu kuanzia 1906 sheria ya uraia ya Marekani iliruhusu mtu abadili jina mahakamani siku hiyohiyo anayopewa uraia, kwa hiyo kuna wengine hiyo karatasi ipo kabisa, ina jina la zamani na jipya.

Na kwa jina lenu wala hakuna kilichokatwa. Kwa Kikroatia J inasomeka kama y yetu ya kwenye yai, na ile ć ya mwishoni ni ch laini. Sasa soma Jurić kwa sauti. Umesema Yurich, si ndiyo? Mtu aliandika alichosikia, basi. Jure ni ufupisho wa Juraj, ambaye kwa Kiingereza ndo George, na ule mkia wa -ić asili yake ni kama "mtoto wa", kama wazee wetu wanavyosema bin Juma. Ndo maana majina yao mengi sana yanaishia hivo, Marković, Kovačević ya mhunzi (kovač ni mhunzi), Vuković ya mbwa mwitu (vuk).

Lakini usifurahi mapema mwanangu. Jurić ni kati ya majina ya kawaida kabisa Kroatia, limetapakaa pwani na bara, na watu wawili wenye jina hilo wanaweza wasiwe na undugu hata kidogo, maana kila kijiji kilikuwa na Jure wake na watoto wake. Ni kama kutafuta ukoo wa Juma Pwani nzima. Kwa hiyo weka jina pembeni kwanza, tafuta jina la kijiji, bila kijiji hata ukae na kompyuta mwaka mzima utakuwa unakusanya watu wasio wako.

Hiyo ishu ya Austria haina utata wowote. Mpaka 1918 Kroatia yote ilikuwa ndani ya dola ya Austria-Hungaria, Dalmatia na Istria za pwani zikiwa upande wa Vienna, na Kroatia bara pamoja na Slavonia zikiwa chini ya taji la Hungaria. Baada ya hapo ukaja ufalme wa Waserbia, Wakroatia na Waslovenia, 1929 ukabadilishwa jina ukawa Yugoslavia, na Kroatia ikajitangazia uhuru 1991. Mzee hakuhama, ni mpaka uliohama juu ya kichwa chake. Fiume nayo ni mji unaoitwa leo Rijeka, na majina yote mawili maana yake ni mto. Ila angalia sana hapo, Fiume ni bandari aliyopandia meli, usidhani ndo kwao. Kampuni ya Cunard ilianza safari za Fiume kwenda New York 1903, na watu wa bara na wa pwani wote walimiminika pale. Hata ile meli ya Carpathia iliyowaokoa abiria wa Titanic Aprili 1912 ilikuwa imetoka New York kuelekea Mediterania na Fiume, njia yake ya kila siku ilikuwa hiyo ya kuwabeba watu kama huyo baba wa babu wa mumeo.

Sasa kijiji utakipata wapi. Rudi kwenye ile karatasi ya meli na uhakikishe umeifungua kurasa zote mbili, kuna watu wengi wanaskani ukurasa wa kushoto wanaridhika, kumbe kuanzia 1907 orodha inaendelea ukurasa wa pili ambako kuna safu ya mahali alipozaliwa. Kuna na safu ya ndugu wa karibu aliyemwacha nyumbani, jina na mahali, na hiyo kwangu ndo dhahabu, maana hapo unapata kijiji na jina la baba au mke kwa mpigo. Halafu tafuta faili lake la uraia. Kama hakuwahi kuwa raia bado usikate tamaa, kadi za kusajili wanaume kwa ajili ya jeshi ziliwahusu hata wageni, ya Juni 1917 iliuliza alipozaliwa, na ya 1942 ya wanaume wa miaka 45 hadi 64 iliuliza pia. Na wewe upo Pittsburgh, una bahati ambayo wengine wanailia! Chama cha Croatian Fraternal Union kilianzia hapohapo kwenu, upande wa Allegheny, mwaka 1894, kikiwa chama cha bima ya kufa na kuzikana kwa vibarua, na gazeti lao la Zajedničar lilikuwa likitoa tanzia za wanachama, mara nyingi kijiji alichozaliwa marehemu kimetajwa. Uliza pia daftari la ndoa la parokia za Kikroatia, St. Nicholas ya Millvale ukianza nayo, padri aliyewajua watu wake aliandika walikotoka. Ukifika pale nyanyua macho uangalie michoro ya ukutani ya Maxo Vanka ya 1937 na 1941. Kuna akina mama waliomzunguka kijana aliyekufa kazini wanamlilia. Wapeleke na watoto wakaione.

Ukishapata kijiji kitakuwa kimeandikwa ovyo, tegemea hilo. C yao isiyo na alama ni ts, š ni sh, č ni ch, nj ni ny kama ya nyanya, kwa hiyo ukikuta Delnitze jua ni Delnice, wewe kisome kwa sauti ya Kikroatia mpaka kikae sawa. Na usidandie kijiji cha kwanza kinachofanana, kuna Selca kisiwani Brač na kuna Selce karibu na Crikvenica, ni sehemu mbili tofauti kabisa. Hapo ndo jina la ukoo linarudi kusaidia: kuna kamusi kubwa ya majina ya ukoo iliyochapwa Zagreb 1976 kutokana na sensa ya 1948, inaonyesha kila jina lilikutwa kijiji gani. Kama Jurić wapo kwenye hicho kijiji na jina la ukoo alilozaliwa nalo mke wake lipo pia, upo njia sahihi.

Anti, salaam kutoka Auckland, New Zealand. Mume wangu ni Mmaori na bibi yake anasema wao ni Tarara, babu yao alikuja kuchimba utomvu wa miti ya kauri. Sisi kijiji tunacho, ni karibu na Makarska. Nimefungua akaunti FamilySearch, ile tovuti ya kutafuta ukoo, nimepata kitabu cha ubatizo, lakini kila mtoto ni Joannes, kila baba ni Antonius, ukoo ni uleule kijiji kizima, nimechanganyikiwa mpaka nimelia. – Wifi wa Matarara

Pole wifi yangu. Kwanza nimefurahi bibi bado analitumia hilo neno Tarara, ndivyo Wamaori walivyowaita hao wageni, na waliishi na kuoana nao kule Northland kwenye mashimo ya utomvu. Walikuwa ni watu wa mizabibu. Mkataba wa biashara wa 1891 kati ya Austria-Hungaria na Italia uliruhusu divai ya Kiitaliano iingie kwa ushuru mdogo, bei ya divai ya Dalmatia ikaanguka, na kabla hawajapumua mdudu anayeitwa filoksera akaingia Dalmatia 1894 akala mizizi ya mizabibu. Kijana wa Makarska angebaki kufanya nini?

Haya, kitabu. Joannes ni Kilatini cha padri. Nyumbani huyo aliitwa Ivan, kwenye karatasi ya serikali ya Dalmatia anaweza kuwa Giovanni maana Kiitaliano kilikuwa lugha ya ofisi kwa muda mrefu, na New Zealand akawa John. Ni mtu mmoja huyo, majina manne. Georgius ni Juraj au Jure, Antonius ni Ante au Antun, Matthaeus ni Mate. Wewe kwenye daftari lako andika kila mtu kwa jina la Kikroatia na pembeni yake weka yote uliyomkuta nayo.

Kuwatenganisha sasa. Usiishie kwenye baba, soma mstari wote. Mara nyingi kuna namba ya nyumba, kuna jina la mama pamoja na ukoo wake wa kuzaliwa, na kuna wasimamizi wa ubatizo. Ivan wa Ante wapo sita, lakini Ivan wa Ante na mama fulani wa nyumba namba 14 ni mmoja tu, na ukiona msimamizi yuleyule kwenye ubatizo wa watoto watatu jua hiyo ni familia moja. Pia waliita mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, na mtoto akifa, anayefuata alipewa jina lilelile, kwa hiyo ukikuta Ivan wawili kwa wazazi walewale usidhani padri kakosea, fungua kitabu cha vifo.

Na kuna kitu ambacho kitakuokoa zaidi ya vyote, jina la utani la ukoo, wao wanaita nadimak. Kijiji chenye ukoo mmoja kilijigawa kwa hayo majina ya utani na yalirithiwa baba kwa mwana kama ukoo wa pili. Kwenye kitabu litafuata baada ya neno dictus kwa Kilatini, detto kwa Kiitaliano au zvani kwa Kikroatia. Muulize bibi leo, sio kesho, kama aliwahi kusikia familia ikiitwa kitu kingine huko kwao. Mkiwa na hilo jina hata mkienda kijijini wazee watawaonyesha nyumba yenyewe kwa kidole.

Kingine, uliza kama parokia ina kitabu cha stanje duša, yaani hali ya roho. Padri aliorodhesha kila nyumba na watu wake, babu mpaka mjukuu, pamoja kwenye ukurasa mmoja. Nakumbuka ukurasa mmoja wa hivyo nilioukodolea macho jioni nzima, watoto saba wameandikwa kwa wino mweusi, na mbele ya majina matatu mkono mwingine umeongeza kwa wino uliopauka: u Americi, yupo Amerika. Basi. Mama yao yupo juu kabisa ya ukurasa.

Shikamoo Anti, mimi nipo Perth, Australia. Babu wa mke wangu alitoka Kroatia miaka ya 1950. Tumesikia wajukuu wanaweza kupata uraia wa Kroatia, ila kwenye cheti chake cha kuzaliwa ni Josip Kovačić na huku alikufa akiwa Joe Kovacich. Tutakataliwa? – Baba Mkwe Hayupo

Marahaba baba. Wazo ni zuri na wakati ni mzuri. Mabadiliko ya sheria yaliyoanza 1 Januari 2020 yaliondoa kikomo cha vizazi kwa wazao wa waliohama, na mtihani wa lugha hawafanyi. Muhimu mzee awe alihama kabla ya 8 Oktoba 1991 kwa nia ya kuishi nje, na wenu alihama zamani. Ila waliohamia jamhuri nyingine za iliyokuwa Yugoslavia hawahesabiwi kama wahamiaji, hilo kwenu halipo.

Kuhusu jina, wanachotaka ni mnyororo usiokatika: cheti cha kuzaliwa cha babu, cha ndoa, cha kuzaliwa cha baba au mama wa mkeo, chake mwenyewe, vya huko Australia viwe na apostili (uthibitisho wa serikali kwamba hati ni halali, ili ikubalike nchi nyingine) na tafsiri rasmi. Josip kuwa Joe na č kuwa c ni vitu wanavyovijua ubalozini, lakini usiwaachie wakisie. Tafuta karatasi moja inayoyabeba majina yote mawili, na kwa aliyefika miaka ya 1950 mahali pa kuangalia ni faili lake la uhamiaji na la uraia, yapo National Archives of Australia. Hicho cheti cha kuzaliwa ombeni nakala mpya ofisi ya usajili, matični ured, ya kwao alikozaliwa, kuanzia 1946 usajili ulihamia serikalini na vitabu vya makanisa vikachukuliwa, kwa hiyo padri akikwambia kitabu hana, mwamini, nenda kwa msajili, na kama ni cha zamani zaidi basi nenda nyaraka za taifa za mkoa ule.

Faili hilo likifika nipigie picha ukurasa wenye sahihi ya mzee unitumie. Nataka kuona kama siku ile aliandika Josip au Joe.