Miksa ndogo inakwaruza na kupiga mluzi: usikimbilie kununua nyingine

Mkuu wa Mafinga, nimesoma swali lako pamoja na ushauri uliopewa. Kwa anayeingia sasa: jamaa ana miksa ndogo ya stereo (mashine ya kuchanganya sauti) kanisani kwao, maiki nne za kwaya, moja ya mimbari, kinanda, na spika mbili zenye amplifaya ndani yake. Anasema sauti inakwaruza hata akiwa amefungua kidogo tu, na akipandisha ili watu wa nyuma wasikie, spika zinapiga mluzi. Karibu kila aliyejibu amemwambia auze hiyo anunue ya chaneli, yaani njia za kuingizia sauti, kumi na sita.

Napinga. Mimi kazi yangu ni mitambo ya sauti hapa Mbeya: makanisa ya Uyole, sendofu na harusi za Mwanjelwa, mikutano ya injili ya nje mpaka Tukuyu na Tunduma. Miksa hizi ndogo nimezitumia sana. Ukiipeleka miksa kubwa kwenye kanisa lile lile, na spika zikabaki pale pale, matatizo yote mawili yatakufuata, tofauti utakuwa na nobu nyingi zaidi za kukuchanganya.

Kwanza tenganisha vitu. Kukwaruza na mluzi ni magonjwa mawili, na dawa ya moja mara nyingi inaongeza lingine. Mtu akisikia mkwaruzo anashusha kitelezi kikuu, halafu sauti inakuwa ndogo, basi anaongeza geni ya maiki, ile nobu ya juu kwenye chaneli. Hapo amezidisha mkwaruzo, na wakati huo huo maiki imeanza kuokota spika. Mluzi ukianza anapunguza trebo mpaka mwisho, waimbaji wanasikika kama wamefunikwa blanketi, naye anaongeza sauti tena. Ibada nzima inaisha hivyo.

Nianze na mkwaruzo. Tafuta hedifoni ya maana (zile za simu zinazotoka kwenye boksi hazitoshi), chomeka kwenye miksa, zima spika zote mbili, kisha mwambie mwimbaji mmoja aimbe. Kama miksa yako ina kitufe cha PFL, kibonyeze usikilize chaneli moja moja. Ukisikia mkwaruzo kwenye hedifoni, basi tatizo liko kwenye miksa au kabla yake: maiki, waya, kinanda, simu. Sauti ikiwa safi kwenye hedifoni lakini chafu kwenye spika, usiiguse miksa tena. Tatizo liko mbele, kwenye waya wa kwenda spika au spika zenyewe.

Kwa maelezo yako, kila kitu kinakwaruza, maiki, kinanda, hata wimbo wa kwenye simu, tena sauti ikiwa chini. Ningekuwa Mafinga leo nisingeanza na miksa, ningezunguka nyuma ya spika na tochi. Spika nyingi za aina hiyo zina swichi ndogo pembeni ya tundu la kuingizia waya, upande mmoja MIC, kwa maiki, upande wa pili LINE, kwa sauti inayotoka kwenye miksa. Nyingine hazina swichi, zina nobu ya sauti yenye maneno hayo hayo kwenye ncha zake mbili. Maiki ya kuimbia inatoa umeme mdogo sana, sehemu chache tu za elfu moja ya volti. Miksa inatoa volti moja na kidogo. Kiwango cha mitambo ya kazi ni volti 1.23. Swichi ikiwa MIC, spika inadhani imechomekewa maiki, inauchukua umeme ambao tayari ni mkubwa na kuukuza tena. Hapo hata malaika akiimba atakwaruza. Dalili zake huwa ni hizi: kitelezi kikuu kiko karibu chini kabisa lakini kanisa limeshajaa sauti, ukikigusa kidogo inaruka ghafla, na muda wote kuna "shhhh" hata watu wakiwa wameinamisha vichwa kwa maombi. Hiyo swichi inarudishwa LINE kwa ncha ya kalamu. Ila shusha kitelezi kikuu kwanza.

Baada ya hapo ndipo upange geni. Geni ni ile nobu ya juu kabisa kwenye chaneli, na wengi wanaichukulia kama volyumu. Siyo volyumu. Kazi yake ni kuileta sauti ya maiki kwenye kimo ambacho miksa inaweza kuifanyia kazi. Saketi za ndani zina kikomo cha umeme. Wimbi likitaka kupita pale, kichwa chake kinakatwa, na lile kukatwa ndiyo mkwaruzo unaousikia. Likishakatwa mwanzoni, hakuna kitelezi wala ikwalaiza (nobu za besi, midi yaani sauti za kati, na trebo) huko mbele itakayolirudisha. Utashusha sauti, utapata mkwaruzo mdogo.

Namna ya kupanga: geni chini kabisa, ikwalaiza zote katikati. Mwimbaji asiseme "alo, alo, moja, mbili". Mwambie aimbe kiitikio cha wimbo wenyewe, kwa nguvu ile ile ya Jumapili, akiwa ameshika maiki anavyoishikaga. Pandisha geni taratibu mpaka taa nyekundu imulike kwenye sauti kali kabisa, halafu rudisha nyuma mpaka isimulike tena. Ongeza kurudisha kidogo, kwa sababu Jumapili kwaya ikijaa Roho huwa inaimba kwa nguvu kuliko mazoezini. Kisha kitelezi cha chaneli kwenye alama ya sifuri, kikuu nacho kwenye sifuri au chini yake kidogo, na ukubwa wa sauti ya ukumbi upange kwa nobu ya nyuma ya spika.

Angalia na besi. Ikwalaiza za miksa hizi kwa kawaida zinaongeza mpaka desibeli 15 (desibeli ni kipimo cha kukua au kupungua kwa sauti), ambayo ni zaidi ya mara tano ya volti iliyoingia. Mpiga kinanda anayependa besi akizungusha nobu mpaka mwisho, ameshaivuruga geni uliyoipanga vizuri. Kinanda chenyewe usikichomeke kwenye tundu la maiki la XLR, lile la pini tatu. Kipeleke kwenye chaneli ya stereo, kushoto na kulia.

Halafu kuna hili la simu, umeligusia kwa sentensi moja tu, kwamba ukipiga wimbo wa kwenye simu "mwimbaji anapotea". Simu yako ni nzima, haina ubovu. Ni ule waya wenye pini ndogo ya simu upande mmoja na XLR moja, au jeki nene moja ya stereo, upande wa pili, na umeuchomeka kwenye chaneli ya maiki. Chaneli hiyo inapitisha tofauti tu kati ya nyaya mbili: inachukua kushoto inaondoa kulia. Sauti ya mwimbaji kwenye nyimbo nyingi imerekodiwa katikati, yaani iko sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo upande mmoja ukiondolewa kwenye mwingine inabaki sifuri. Kinachosikika ni mwangwi wake na vyombo vya pembeni. Nimekuta MC akigombana na mtu wa mitambo kwa jambo hili huku bibi harusi amesimama mlangoni anasubiri wimbo wake. Nunua waya unaogawanyika, pini ndogo kwa simu, jeki nene mbili za mono kwa kushoto na kulia ya chaneli ya stereo.

Sasa mluzi, na hapa ndipo kwenye kazi. Maiki inasikia spika, inairudishia miksa, miksa inaikuza, spika inaitoa, maiki inaisikia tena. Kila mzunguko ukirudi na nguvu sawa au zaidi, noti moja inajilisha mpaka inashinda zote. Kwa hiyo tiba ni kufanya maiki isikie zaidi mdomo wa mtu na isikie kidogo spika. Miksa ina mchango mdogo hapo.

Picha uliyoweka inaonyesha spika zimefungwa kwenye ukuta wa madhabahu, na kwaya inasimama mbele yake, migongo kwa spika. Makanisa mengi huku kwetu yamewekwa hivyo, pengine kwa sababu ukutani panapendeza. Lakini spika zinatazama maiki moja kwa moja, juu ya mabega ya waimbaji! Zishushe pale. Ziweke kwenye stendi mbele ya mstari wa maiki, kushoto na kulia, zipite vimo vya vichwa vya watu, zitazame viti. Zikipiga ukuta wa nyuma, sauti inarudi madhabahuni, na kwenu bati halina dari, chini saruji, madirisha ya vioo. Pazia zito ukutani nyuma linasaidia kiasi kwa sauti za juu. Kitenge chepesi ni pambo.

Umbali wa mdomo na maiki unalipa kuliko chombo chochote utakachonunua. Ukipunguza umbali kwa nusu unapata desibeli 6 za bure. Mwimbaji akitoka sentimita 20 akaja 5, ni desibeli 12, na hizo unazipunguza kwenye miksa, mluzi unakosa chakula. Shida ya wanakwaya ni kwamba wanaiogopa maiki, wanaishika usawa wa kifua. Wahubiri vijana wana kasoro ya upande wa pili: wanakumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja kama wasanii wa Bongo Fleva. Maiki ya kuimbia imetengenezwa isisikie nyuma, na inafanya hivyo kwa matundu yaliyo nyuma ya wavu. Ukiyaziba inaanza kusikia kila upande.

Idadi nayo. Kila unapozidisha maiki zilizo wazi mara mbili, unapoteza kama desibeli 3 kabla ya mluzi. Maiki nne badala ya moja ni desibeli 6 zimeondoka, na wewe una ya tano ya mimbari ambayo, nina hakika, inabaki wazi kwaya ikiimba. Ifunge. Kwaya ya watu ishirini jaribu maiki mbili kwenye stendi, wasimame nusu duara.

Monita, yaani spika ya waimbaji kujisikia, kama ipo, iwe nyuma ya maiki kabisa ikiwa maiki ni ya kadioidi, ile inayosikia mbele na kuwa kiziwi nyuma. Ikiwa ni ya superkadioidi, yenye usikivu mwembamba zaidi wa mbele, nyuma kabisa siyo mahali pazuri; sehemu yake ya uziwi iko nyuma kwa pembeni, kama nyuzi 125 kutoka mbele.

Kwenye miksa yenyewe, bonyeza kitufe cha kukata besi, kile cha 80 au 100 Hz, kwa maiki zote za sauti. Hakuna mtu anayeongea huko chini, ni miguu tu na upepo. Kisha, watu wakiwa kimya, pandisha kitelezi kikuu taratibu mpaka mluzi uanze kuchungulia. Ukiwa muungurumo, punguza besi. Ukiwa mkali wa katikati, punguza midi kidogo. Kidogo! Konsonanti ziko huko kati ya 2,000 na 4,000 Hz, ukizikata mahubiri yanakuwa mumunye, maneno hayaeleweki. Ukishapata, shusha kikuu kwa desibeli 6 na hapo ndipo pa kuanzia ibada. Jumamosi kanisa likiwa tupu ni gumu zaidi kuliko Jumapili, kwa sababu watu na makoti yao ya baridi wanameza sauti. Ukifaulu tupu, likijaa utapumua.

Nobu ya kompresa, ile inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, kama unayo, iache sifuri. Inainua sauti ndogo, na mluzi huanza ukiwa sauti ndogo.

Mwenzetu mmoja hapo juu ameuliza mbona kwake mluzi unalia hata maiki zote zikiwa zimechomolewa. Hapo miksa inajilisha yenyewe: eko (mwangwi unaotengenezwa na miksa) inarudishwa kwenye chaneli, na chaneli hiyo nobu yake ya kupeleka kwenye eko iko wazi, au sauti inayokwenda kompyuta kwa USB inarudi kupitia programu ya kurekodi. Shusha nobu ya eko kwenye chaneli inayopokea eko, basi. Kuna mwanamuziki wa Japani, Toshimaru Nakamura, anafanya hivyo makusudi, anaunganisha tundu la kutokea na la kuingilia la miksa na kuucheza ule mluzi kama chombo cha muziki. Kanisani kwenu sidhani kama wazee watamwelewa.

Stereo nayo isikusumbue. Weka pani zote, nobu za kupeleka sauti kushoto au kulia, katikati, kinanda pia usikitawanye sana. Aliyekaa kushoto na aliyekaa kulia wamekuja kwenye ibada moja, wasikie kitu kimoja.

Jambo la mwisho ni mvua. Tukuyu nimeona fundi mzuri kabisa akiharibu kazi kwa sababu mvua imeanza kupiga bati na yeye anashindana nayo kwa kitelezi. Hutaishinda. Ukifika pale ulipopaona mluzi kwenye majaribio, simama; mwombe mchungaji asogeze maiki mdomoni, au waimbe mpaka ipungue.

Anza na nyuma ya spika. Piga picha swichi na matundu yake, uweke hapa pamoja na picha ya juu ya miksa ikiwa imepangwa kama mnavyoitumia Jumapili, bila kusahihisha chochote kwanza. Kama swichi tayari iko LINE na hedifoni inatoa sauti safi, tutaangalia nyaya.